Kuku Namba Nne

Kaka Lefteris,

Huyu mama yako atanitia wazimu. Nafuga uani kuku sita wa utafiti, kila mmoja na namba mguuni. Kila Jumatatu nawatoa damu, nijue kama mbu wa mashamba ya mpunga wameleta virusi vya homa inayopanda ubongoni. Jana kamchinja namba nne, kampikia baba supu ya mayai na limau, eti ana homa.

"Mama, huyo kuku wa serikali!"

"Kwani serikali inaumwa?"

Leo yametoka majibu ya damu ya Jumatatu. Namba nne alikuwa na virusi. Mbu wameshafika uani, pale pale baba anapopunga upepo jioni.

Asubuhi baba ameniita kwa jina lako, mara tatu. Melbourne itakungoja. Njoo.

Dada yako aliyechoka,
Evanthia