Moyo wa Mkaguzi wa Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Kikao kimefanyika nyumbani kwangu, kwenye viti vyangu, ajenda ni mimi, na mimi sikupewa nafasi ya kusema. Mwendeshaji: Meneja. Ni binti yangu mkubwa. Jina hilo nilimpa mwenyewe akiwa na miaka saba, alipoanza kutupangia nani aoge kwanza. Mdogo wake, Bwana Sawa, alikaa karibu na mlango anachezea funguo. Yeye ukimwambia nyumba inaungua atasema sawa.

Kisa chenyewe: Ijumaa Meneja aliingia bila hodi, akanikuta nimekaa sakafuni, nimeegemea kitanda cha mama yake, jasho linanitiririka, mkono kifuani. Nilikuwa nimemwinua Bi Mkubwa, mke wangu, ili nimkalishe kitini. Namwinua mara sita kwa siku, tangu kiharusi kilipomlaza mwaka juzi kikamnyang'anya ulimi na upande wote wa kulia. Nikamwambia Meneja ni gesi tu. Akatoa simu akaanza kupiga.

Uamuzi ni huu. Napelekwa kupimwa moyo. Ukionekana mbovu, Bi Mkubwa anahamia kwa Meneja, mimi kwa Bwana Sawa, upande wa pili wa mji. "Baba, si kwamba tunawatenganisha. Tunawasaidia." Miaka arobaini na sita ya ndoa! Tunagawanywa kama masufuria.

Na mlango wa chumbani ulikuwa wazi muda wote. Nilipoingia, Bi Mkubwa alikuwa anatazama dari. Kasikia kila neno.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali. Benchi la chuma tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano. Babu vua shati. Babu lala. Babu usitikisike. Nilikuwa mkaguzi wa vipimo na mizani miaka thelathini na moja, wenye maduka walikuwa wakiniona kwa mbali wanafunga vifungo vya shati, leo kila mwenye koti jeupe ananiita babu kama vile aliwahi kula kwangu.

Wamenibandika waya, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima vilima. Dakika tano, kwisha. Daktari – kijana mpole, kucha safi, hilo nampa – akasema karatasi hii haimwambii kitu kwa sababu nimelala tu. Anataka nivae kimashine kidogo siku nzima, usiku na mchana, nikiwa kwangu. Nifanye kazi zangu zote za kawaida. Napewa pia fomu, niandike kila saa nilikuwa nafanya nini na nimesikia nini kifuani.

Meneja akauliza: basi hayo majibu ndiyo yatakayoamua? Daktari akasema yatasaidia. Meneja akaandika kwenye simu yake. Nilimwona alivyoandika. Hakuandika "yatasaidia".

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza mchana kutwa. Hakuna siku duka huwa safi kama siku ya ukaguzi. Mwenye duka akishapata habari kwamba tunakuja, mizani inafutwa vumbi, sumaku ya kuongeza uzito chini ya sinia inatolewa, mawe ya kupimia yanapangwa kwa ukubwa. Tukitoka tu, sumaku inarudi. Nilikuwa najua. Wote tulikuwa tunajua. Nilichoweza kusaini ni kile nilichokikuta.

Haya. Watakikuta nitakachowawekea.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi amenyoa kifua changu kwa wembe mkavu, nywele nyeupe zikaanguka mapajani. Vibandiko vitano, waya tano, kimashine chenyewe kama kiberiti kikubwa kinaning'inia shingoni. Usioge, babu. Usikivue. Ishi kama unavyoishi siku zote. Nikamwambia ndiyo mama.

Saa tano nikawa nyumbani. Jirani yetu fundi friji alikuwa ananisubiri, tulipatana jana. Ana mikono kama milango. Akamwinua Bi Mkubwa kama mtoto wa paka, akamkalisha kitini, saa saba akarudi akamlaza. Mimi nimekaa kwenye kochi na fomu yangu. Nikaandika: Saa tano, nimemwinua mke kumpeleka kitini. Hakuna maumivu. Saa saba, nimemwinua mke kumrudisha kitandani. Hakuna maumivu. Mwandiko wangu bado mzuri.

Saa tisa ndiyo nataka kuiandika hapa, maana huko kwenye fomu ukweli wake haumo.

Bi Mkubwa akiwa na haja hugonga chuma cha kitanda kwa pete. Ana mkono mmoja tu unaomtii, wa kushoto. Akagonga. Nikaenda mlangoni nikampigia fundi – hapatikani, labda kaitwa kazi. Nikarudi nikakaa. Akagonga tena. Nikasema subiri kidogo, anakuja. Nilikuwa natazama kile kitaa cha kijani kifuani kinavyowaka na kuzima. Nikimwinua, kile kitu kitakuja, kile cha kukaba, na safari hii kitaandikwa. Nikahesabu pumzi zangu. Polepole. Akagonga muda mrefu. Mimi mume wake, hatua nne kutoka alipo, nimekaa kama niliyeshonewa kwenye kochi.

Halafu akaacha.

Sikuhitaji kwenda kuangalia. Harufu ilinifuata.

Fundi alikuja saa kumi na moja. Alisimama mlangoni akaniangalia, nikatazama pembeni. Akamsafisha yeye. Mwanamume wa watu, fundi friji! Mke wangu aliyekuwa hakubali hata dada yake amwone bila kitambaa kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha kimashine. Nesi akavuta vibandiko, ngozi ikabaki na madoa mekundu matano. Akapitia fomu, akanisifu: wazee wengi hawajazi, babu wewe umejaza kila saa. Nikasema ni mazoea ya kazi.

Usiku na asubuhi Bi Mkubwa hakunitazama. Nimempa uji, anafungua mdomo, anameza, macho ukutani. Nikamwambia: nimefanya kwa ajili yetu. Wanataka kukuchukua. Ukienda kule utalala chumba cha wageni na watu watakuja kukuona Jumapili kama maonyesho. Nikasema mengi. Yeye kimya, na si kile kimya cha ugonjwa. Hicho nakijua. Hiki ni cha zamani, cha enzi zile nikichelewa kurudi.

Nina aibu. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu.

Daktari amefungua faili, anatabasamu. "Mzee wangu, kwa haya niliyoyaona, moyo wako unakwenda vizuri sana." Akashika fomu yangu. Hapa umemwinua mama mara sita? Sita. Na hukusikia chochote? Sikusikia. Hata kidogo? Hata kidogo. Akasema kama mtu anabeba uzito huo na mapigo yanabaki yametulia hivi, basi yale ya Ijumaa ile huenda yalikuwa misuli. Endelea na kazi zako, lakini ukisikia chochote, hata kiwe kidogo namna gani, urudi siku hiyo hiyo. Akaniambia vijana wengi wangetamani moyo huu. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka vizuri kabisa.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimekwisha kuiandaa ile sura ya kumwonyesha Meneja – unaona? Lakini tulipotoka alisimama katikati ya korido, watu wanapita na machela, akaanza kulia. Anajifuta kwa mkono wa gauni kama alivyokuwa mtoto. "Baba nisamehe. Niliogopa nitakuja siku moja niwakute wote wawili." Kumbe kila asubuhi akinipigia kuuliza tumeamkaje, anapiga akiwa amesimama, viatu vimevaliwa. Sikujua. Mimi nikijua ananikagua.

Nikampigapiga mgongoni. Nikasema si nilikwambia ni gesi.

Ukweli ningeuanzia wapi?

Jioni habari njema zimeenea. Bwana Sawa kapiga simu: kumbe mzee una nguvu kuliko sisi! Basi Jumamosi hatakuja kunisaidia kumwogesha mama kama kila wiki, kapata safari ya kazi, wiki tatu. Alikuwa anaikataa kwa ajili yetu. Nikasema sawa. Hata fundi friji alichungulia dirishani: hongera mzee, sasa hunihitaji. Akacheka, lakini si kwa macho.

Nimeshinda. Wote wameondoka.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimemwinua, kikaja. Kikakaba mpaka kwenye taya, mkono wa kushoto ukawa wa mtu mwingine. Nilimwachia kitini vibaya, akaegemea upande kama gunia. Nikakaa sakafuni mpaka kikapita. Kiasi cha dakika nane.

Urudi siku hiyo hiyo, kasema. Nirudi nikamwambie nini? Kwamba mkaguzi ameichezea mizani?

Kutoka kule chini nilimwona ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Ananitazama kifuani.

Mchana sikumwinua. Nimemgeuza tu.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili kasoro. Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake.

Nilikuja kumwinua kama kawaida. Mkono wangu mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, nikasema haya, moja, mbili – hakuja. Nikadhani nimeishiwa nguvu. Kumbe ameshika chuma cha kitanda kwa mkono wake mzima. Amekishika! Nikamwambia achia. Akatikisa kichwa. Bi Mkubwa, umelowa, achia nikukalishe nikubadilishe. Akafumba macho, akakaza.

Nikapandisha sauti. Sijampandishia sauti tangu augue. Nikamwambia kama unataka kwenda kwa binti yako, sema! Nilimwambia hivyo, sema, mtu asiye na ulimi.

Nikatoka kwenda kunywa maji. Niliporudi nikasikia mtu anaongea chumbani. "Baba? Haloo? Baba, mbona kimya?" Simu yangu niliiacha kwenye stuli. Tangu augue hajawahi kugusa simu. Kaivuta hadi kifuani, kabonyeza jina la juu kabisa, na aliye juu kila asubuhi ni mmoja.

Nikaichukua. Nikasema ni mama yako, amebonyeza kwa bahati mbaya, tuko salama. Meneja akauliza mbona unahema. Nikasema nimetoka uani. Hapo Bi Mkubwa akatoa sauti. Si neno. Ni sauti moja, ndefu, ya chini, sijawahi kuisikia kwake hata siku za uzazi. Kisha Meneja akasema, taratibu: "Baba, usimguse. Nakuja." Akakata.

Kutoka kwake hadi hapa ni dakika ishirini na tano. Zimepita kumi.

Akikuta shuka limelowa na mama yake kitandani saa hizi, ataelewa yote kabla hajavua viatu. Akimkuta kitini, msafi, kachanwa nywele, na mimi nakunywa chai, basi ni mgonjwa tu amepiga kelele. Karatasi ya majibu ya daktari iko kwenye droo.

Nimemwambia hivyo hivyo, kwa upole, nimeinama sikioni kwake. Nimemwambia nitalala peke yangu kule kwa Bwana Sawa, sitaweza. Chozi moja likamtoka, jicho la kushoto. Lakini mkono hakuachia.

Basi nimeanza kuvitoa vidole. Kimoja kimoja, nisimuumize. Kidogo kimetoka. Cha pete kimetoka. Vingine vitatu amevibana mpaka kucha zimekuwa nyeupe – sikujua bado ana nguvu hivi. Nimeketi kidogo, pumzi irudi. Taya linaniuma. Nikipata pumzi naendelea na cha kati.