Daftari la Mama Stella

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita, yakabaki mawili yasiyo ya watoto. Kikundi chetu cha akina mama wa Masasi na Newala kitachapisha kitabu kimoja tu cha maisha ya kazi. Nichague mimi, eti kwa kuwa ni mwalimu. Moja la Bi Somoe wa Newala, mbanguaji wa korosho. La pili la mama yangu. Alinipa mwenyewe: “Soma lote. Usipunguze neno.”

Jumatano, 5 Juni
Bi Somoe anaandika vizuri mno. Mafuta ya maganda yalimla vidole. Alijipaka majivu, wapi. Siku ya vitambulisho mashine haikuona alama ya kidole hata moja. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Ijumaa, 7 Juni
La mama. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Kurasa za mwanzo ni ndoo na mashuka tu. Halafu Stella, dada yangu, kifungua mimba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Tuliambiwa homa ya ghafla. Haikuwa ya ghafla. Mama aliiona asubuhi. Kazini walikatazwa kuja na mtoto, naye alishakosa siku mbili. Aliogopa kufukuzwa.

“Nilimwacha nyumbani mgonjwa, nikaenda kushinda hospitali. Niliporudi alikuwa wa baridi.”

Na huku kwetu mama haitwi jina lake. Sokoni, kanisani, bombani: Mama Stella. Ameandika: “Kila wakiniita, naitika.”

Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada wamemzunguka. Mama Stella huku, Mama Stella kule. Anatabasamu. Nimeshindwa kumtazama.

Jumanne, 11 Juni
Nimepeleka la Bi Somoe. Linastahili, hilo si uongo. Lakini sikulichagua kwa hilo. Nimeogopa watu watasema nini. Mama hakuogopa, nimeogopa mimi.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemrudishia daftari. Alikuwa anamenya mbaazi barazani. Nikamwambia limepita la Bi Somoe. Hakuuliza sababu.

“Ulilisoma mpaka mwisho?”

“Ndiyo, mama.”

“Haya. Sasa tunajua wawili.”

Binti wa jirani akapita na ndoo. “Shikamoo, Mama Stella.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikavuta kigoda, tukamenya mpaka zikaisha.