Dagaa Waliokaushwa Mara Mbili

Jumanne, Bangwe. Jua kali, hakuna hata wingu, kaupepo kidogo kutoka ziwani. Moyoni nina aibu, ile ambayo ukiikumbuka unacheka peke yako halafu unafunika uso kwa kanga.

Naandika nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya nyumba ya mama mkubwa Tatu. Kiti nilichokuwa nakalia jana kimechukuliwa na dagaa. Nitaeleza.

Mimi niko mwaka wa mwisho chuoni. Ninachosoma kina jina refu: uhandisi wa uzalishaji viwandani na teknolojia ya habari ya biashara. Hapa nyumbani wamelikata, wanasema nasomea vyuma na kompyuta. Tangu nije kwa mafunzo ya vitendo nimeletewa redio mbili, pasi moja na baiskeli. Baiskeli ilipona. Pasi tusiizungumzie.

Mradi wangu ni kikaushio cha dagaa. Ni sanduku kubwa la chuma alilonichomelea fundi mmoja wa Gungu, juu lina nailoni inayopitisha jua, ndani lina trei sita za wavu, na pembeni feni inayozungushwa na sola. Huo ndio upande wa vyuma. Upande wa kompyuta ni mfumo niliouandika mwenyewe. Unapima uzito wa kila trei, unasema dagaa watakuwa wamekauka saa ngapi, na unapanga ratiba ya kazi siku thelathini mbele. Akina mama wa hapa wanaanika mchangani na kwenye vichanja, mvua ikianza wote mbio na maturubai. Nilikuwa na hakika nimekuja kuwaokoa.

Sasa, msimamizi wangu wa chuo, ambaye humu nitamwita Daktari, huja kumkagua mwanafunzi mara moja tu. Akiona mradi unafanya kazi, umepita. Asipouona ukifanya kazi, unaurudia mwaka. Aliniambia nichague siku ninayoona inafaa. Sikuuliza mtu, niliuliza mfumo. Mfumo ukasoma utabiri wa hali ya hewa, ukaniambia Jumanne: anga nyeupe, jua la kutosha, trei zote sita zitajaa dagaa wabichi.

Nikamjibu Daktari kwamba Jumanne, bila wasiwasi.

Jumapili jioni nilikaa hapa nyuma nikauona mwezi unachomoza juu ya vilima, mkubwa, wa duara kabisa. Nikaupiga picha. Nikaiweka stetasi na maneno haya: "Kigoma, nyumbani kwetu, hakuna kama wewe." Watu arobaini waliitazama. Nadhani nusu yao ni wavuvi.

Jana asubuhi nikashuka mwaloni, pale boti zinapoegesha, na mabeseni yangu mawili kuchukua dagaa wa majaribio. Mwalo ulikuwa kimya. Boti zote zimevutwa mchangani, taa zimevuliwa, watu wamekaa kivulini wanashona nyavu na wengine wanacheza drafti. Nikamuuliza mvuvi mmoja mbona leo mzigo umechelewa. Akaniangalia, akayaangalia mabeseni, kisha akauliza kwa upole:

"Dada, hivi mwezi umeuona?"

Nikamwambia nimeuona, tena nimeupiga picha.

Sitaandika jinsi walivyocheka.

Kwa msomaji wa mbali: dagaa wa ziwa letu wanavuliwa gizani. Boti zinawasha taa, dagaa wanaifuata taa, wavu unawakusanya. Mwezi ukishajaa, mwanga unakuwa kila mahali, dagaa hawana sababu ya kufuata taa ya mtu. Basi wavuvi wanapumzika wiki nzima. Mtoto wa miaka sita hapa Bangwe anajua. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa na miaka sita. Siku hizo za mbalamwezi ndizo tulizokuwa tunakula maharage mpaka tunanuna.

Miaka minne chuoni, nikasahau maharage.

Nikarudi kwa mama mkubwa Tatu. Yeye ni dada yake mama, anaanika dagaa tangu sijazaliwa, na ana gunia la dagaa wakavu ambao bado hawajaenda sokoni. Nikamwomba beseni moja. Akadhani nataka kupika. Aliponiona nawamwagia maji akaja mlangoni.

Akauliza kama ameelewa sawasawa: dagaa aliowakausha yeye mwenyewe, nawalowesha mimi, ili mashine iwakaushe tena. Nikamwambia ndiyo, ni kwa ajili ya Daktari. Akauliza Daktari anaumwa nini.

Nakiri hapa, kwa kuwa siwezi kukiri kwingine: niliona ni akili. Nilijisifu kabisa. Nilidhani mtu wa kutoka mbali hatajua.

Leo asubuhi wale dagaa walikuwa wamevimba. Vichwa vilikuwa upande mmoja na miili upande mwingine. Nilipowapanga kwenye trei, nusu walipenya kwenye wavu wakaangukia feni, na feni ikafanya kazi yake ya kupuliza. Ndiyo maana kiti kimechukuliwa. Ukuta pia.

Daktari alifika saa tatu na nusu kwa bajaji, shati jeupe, fomu mkononi. Mama mkubwa akamsalimu habari za asubuhi kwa Kiha, kwa heshima zote, "Mwakeye," naye Daktari, ambaye hajui Kiha hata kidogo, akadhani ni shikamoo, akaitikia, "Marahaba." Mama mkubwa amemzidi Daktari kama miaka ishirini. Akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemlea huyo Daktari.

Nikawasha kikaushio. Feni ikazunguka, joto likapanda, namba zikaanza kushuka kwenye kompyuta vizuri kabisa. Baada ya saa mbili mfumo ukatangaza kwa maandishi ya kijani kwamba dagaa hawa ni daraja la kwanza. Daktari akafungua trei. Akachukua kitu kilichokuwa mkia, akakinusa, akakirudisha taratibu.

Akauliza dagaa hawa walivuliwa lini.

Nilikuwa na jibu la uongo limekaa tayari ulimini. Nikamtazama mama mkubwa anayekunja kanga yake pembeni, nikashindwa. Akajibu yeye.

"Wiki mbili zilizopita, Daktari. Niliwakausha mimi. Huyu anawakausha tena, mimi sijui kwa nini, ndiyo elimu."

Daktari hakucheka. Afadhali angecheka. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza swali moja tu: kabla ya kuandika huo mfumo, nilikaa na hawa akina mama siku ngapi?

Nikamwambia hata moja. Nikamwambia mimi ni wa hapahapa.

Nilivyoyasikia hayo maneno yakitoka kinywani mwangu, machozi yakanilenga. Kule chuoni tunafundishwa kumhoji mtumiaji kabla ya kugusa kompyuta. Kama ningepelekwa mkoa mwingine ningehoji watu hamsini. Kwetu nilijiona sina cha kuuliza.

Daktari akaandika kwenye fomu: haijakamilika. Haikuwa "amefeli". Nililisoma lile neno mara tatu kuhakikisha. Kisha akafanya jambo lililoniuma kuliko yote. Kompyuta yangu ilikuwa wazi mbele yake, ratiba ya siku thelathini inang'aa, akaipita. Akamgeukia mama mkubwa, akamwuliza dagaa watarudi lini.

Mama mkubwa hakutazama popote. Akasema Jumatatu ijayo boti zitaingia ziwani, Jumanne asubuhi mzigo utakuwepo, ila wa kwanza huwa mchache, kwa hiyo tusijaze trei zote.

Daktari akaandika Jumanne. Nimrekodie video siku hiyo, nimtumie, ndipo ataamua kama napita. Kwenye nafasi ya msimamizi wa eneo la kazi, ambayo mimi nilikuwa nimeiacha tupu, akaandika jina la mama mkubwa. Kila siku atatia sahihi kwenye kitabu changu kwamba nimefanya kazi. Wakati wa kuondoka Daktari alimwinamia kidogo akasema, "Shikamoo, mama." Amejifunza haraka kuliko mimi.

Kwa hiyo kuanzia leo nina bosi. Bosi amekwisha kunipangia kazi: kufagia vichanja, kuosha ukuta, kisha kukaa chini na kusikiliza. Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta, amesema, ipumzike na wavuvi.

Kabla ya kuifunga nimeongeza safu moja kwenye mfumo, kati ya mvua na jua. Nimeiita Mwezi. Nimeitazama kwa muda, sijui niijaze nini.

Kesho nitauliza.