Rangi Nyeusi Juu ya Chipu

Jumatatu, 5 Machi 2001

Transista nane tangu asubuhi. Nakwangua namba kwa msasa, napaka makaa ya betri yaliyochanganywa na gundi, naanika juu ya bati, kisha nachora namba mpya kwa sindano. Zikikauka, hata mimi sizitofautishi na mpya. Vita imefunga barabara, ndege hazileti kitu, na kila mwenye foni, redio ya kuitana kwa mbali, anatafuta vipuri. Mtu wa foni ya Kailo kachukua mbili. Nimemwambia zimetoka Ulaya. Leo tumekula samaki.

Jumapili, 11 Machi 2001

Foni ya Kailo imekufa, wanasema. Huko ndiko walikokimbilia watu wengi wa mtaa wetu wa Mikelenge, na foni ile ndiyo mdomo wao wa kuita dawa na kuuliza habari za huku mjini Kindu. Niliogopa yule mtu atarudi kunipigia kelele. Lakini njia imefungwa. Hatapita. Nimefurahi.

Jumatatu, 4 Machi 2024

Pasi moja, feni mbili, kipaza sauti cha msikiti. Mchana zimefika chipu nne kwa ndege ya Goma. Nilikuwa nazisubiri kwa wiki saba.

Ni za kompyuta ya Mama Vumilia, mjane wa Mwalimu Salumu. Kompyuta ya zamani, ile ya kibodi nene, inayochomekwa kwenye televisheni na kusoma kaseti. Chipu yake ya kumbukumbu imeungua. Kaseti yenyewe imeandikwa "Rumba", lakini ndani hakuna rumba. Vita ilipopoa, Mwalimu aliandika humo majina ya watu wa mtaa waliokufa msituni upande wa Kailo, na mahali alipowazika. Askari walisaka karatasi. Muziki hawakuujali.

Binti yao Zaina yumo. Mama alikuwa amekwama mjini Zaina alipozikwa. Mwalimu alimwahidi kumpeleka, akafa ghafla. Sasa anataka kumsomea mwanawe dua kaburini wakati miguu bado inambeba.

Jumatano, 6 Machi

Chipu ya kwanza, bure. Ya pili, bure. Ya tatu imepata moto hadi ikaniunguza kidole.

Nikachukua dawa ya mke wangu ya kuondoa rangi ya kucha, nikasugua. Kitambaa kikawa cheusi. Chini ya ile rangi kuna namba nyingine kabisa, ya chipu isiyohusiana na kompyuta hii hata kidogo. Na juu walikuwa wameandika vizuri, herufi zimenyooka, mwaka na kila kitu. "Mpya, haijatumika," ndivyo muuzaji alivyosema.

Kinyaa. Nimenawa mikono mara mbili. Mama mzima anahesabu siku za miguu yake, na mtu amekaa mahali anapaka rangi takataka. Ni mtu wa namna gani huyo? Anakula, analala, anawabusu watoto wake kwa mikono hiyo hiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Namjua ni mtu wa namna gani. Nimetoa sandukuni daftari la 2001 na kusoma kurasa mbili. Nyani haoni kundule. Miaka yote hii nimejiita fundi mwaminifu, na kile kitambaa cheusi nilikitambua jana pale pale, nikajifanya sikitambui. Kinachonichukiza zaidi si makaa wala gundi. Ni lile neno, "Nimefurahi."

Chipu ya nne nimeisugua pia. Haikutoa rangi. Imechakaa, miguu ina lehemu ya zamani, imeng'olewa mahali. Lakini ni ya kweli. Nimeiweka. Kompyuta imewaka.

Jumamosi, 9 Machi

Mama Vumilia alikuja baada ya adhuhuri, kavaa kitenge kipya. Kaseti ililia dakika nyingi. Kisha majina, moja chini ya jingine, yakapanda kwenye kioo.

"Zaina Salumu, miaka saba. Homa, siku tano. Tulitaka kuita dawa Kindu, foni imekufa. Kaburi: kilima cha pili baada ya kijito, jiwe jeupe kichwani."

Mama alisoma mahali pa kaburi tu. Alikuwa anafuata kwa kidole. "Njo pale, ni pale pale," alisema. "Iko karibu na kijito." Akarudia. Mimi macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye sentensi iliyotangulia, ile ya foni.

Aliporudi kwake nilitamani kufuta kaseti ile. Naandika hili ili nisijifanye sikutamani.

Jumatano, 13 Machi

Mimi na Mama Vumilia tumevuka mto Lualaba asubuhi na mapema, kisha pikipiki mbili hadi Kailo, kisha mguu. Jiwe lipo. Si jeupe tena.

Mama alisoma dua. Mimi nilikata majani. Nilipofika nusu nikasimama na panga mkononi, nikamwambia yote: msasa, makaa ya betri, mtu wa foni, na kwamba nilifurahi. Sikumwomba chochote.

Aling'oa vijani vidogo pembeni ya jiwe.

"Papa Ramazani," alisema, "upande ule bado. Malizia."

Nikamalizia. Kurudi alipanda pikipiki ya mbele. Hakugeuka nyuma. Kwenye mtumbwi alikaa peke yake, na kiganjani alikuwa ameshika udongo kidogo wa kaburini.