Mukono Chini ya Mufuko

Mwape, mujukulu wangu,

Hapa Nchelenge tuko bazima, paka magoti yangu njo yanakataa. Mama yako anakohoa kidogo. Mambo ya vita ya ngambo ya ziwa unayasikia ku radio, siyaandike.

Unaniuliza: umeanza kutayarisha ekzame ya kuingia masomo ya biashara, kitabu ni kikubwa, upite yote mbio ao polepole? Mie sikusoma. Lakini nikiwa kijana niliuzisha chisense, tule tusamaki tudogo twa ziwa. Kule kwetu Kabuta, bamama banaanikaka chisense ku muchanga, banaitandaza nyembamba sana. Siku moja nilichoka, nikamwanga yote pamoja, ingine juu ya ingine. Mangaribi, ile ya juu ilikuwa imekauka muzuri, nikafunga mufuko.

Mwanamuke mumoja wa Pweto alikuja kununua. Ya juu hakuiangalia. Aliingiza mukono mupaka chini, kwenye ilikuwa ingali mbichi, akanusa vidole. Hakunitukana. Alipangusa mukono ku kitenge, akaenda kwa mwingine.

Nimechoka kuandika, mwana. Hesabu za kitabu chako sizijue. Ila nazania balimu ba ekzame nabo banaingizaka mukono mupaka chini.

Ni mie, kambo yako wa Kabuta