Futari Mbele ya Geti

Jumatatu, 2 Machi

Nimerudi kutoka kazini, kwa kikongwe ninayemhudumia, miguu inawaka moto. Fomu tisa za kujiandikisha kupiga kura zimejazwa leo. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo aliyepata uraia wa Uingereza juzi tu, kajaza yake amesimama, mkono mmoja una unga.

Diwani, tulipomlilia kuhusu bustani ya jengo, alitwambia bila haya: upande wenu wa jengo hauna wapiga kura. Wa mbele, karibu wote Wazungu, wana funguo za bustani. Sisi wa nyuma, weusi na Wahindi, tunaangalia maua dirishani. Meneja anasema si rangi, ni mikataba. Haya. Kabla ya uchaguzi wa Mei tutakuwa daftarini wote.

Jumatano, 4 Machi

Ishirini na moja. Ya Mama yangu bado. Naikuta kila siku chini ya kikapu cha vitunguu.

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Kule Pemba, baada ya uchaguzi, watu walikuja mlangoni na orodha, wakasoma jina la Baba, wakaondoka naye. Hakurudi. Miaka yote hii London kengele yetu ya mlangoni haina jina kama za wenzetu.

"Mimi jina langu siliandiki popote, mwanangu. Usinirudie tena."

Ijumaa, 6 Machi

Tumekubaliana, majirani wa nyuma. Kesho tunafuturu mbele ya geti la bustani. Hakuna kelele, hakuna kugusa kufuli.

Mchana barua ya meneja: atakayekaa pale ataandikwa jina, na upangaji wake utaangaliwa upya. Familia mbili zimejitoa. Siwalaumu. Uongo, nawalaumu kidogo.

Naogopa. Nitakwenda.

Jumamosi, 7 Machi

Mikeka sita. Uji, tambi, mbatata za nazi, samaki wa Mama Furaha. Yeye hafungi, lakini alisubiri adhana pamoja nasi. Manyunyu. Adhana ililia kwenye simu yangu, tukafungua kwa tende. Wawili wa upande wa mbele walitoka. Mmoja akakaa, mwingine akapiga picha.

Kisha mlinzi akaja na karatasi. Kila mtu aandike jina na namba ya nyumba. Hakuna aliyeipokea. Mimi mwenye mdomo wote huu, nikajifanya napanga tende.

Sikumwona Mama akishuka. Nilidhani yuko juu na futari yake. Alikuja na mkongojo, akaomba kalamu, akaandika wa kwanza, majina yote matatu, polepole, mlinzi kamshikia mwavuli.

"Sasa lisome," akamwambia. "Nikusikie."

Time Faki Kombo, akasoma mlinzi. Mama akaitika. Sisi wengine tukapanga foleni nyuma yake. Nililia na sijali nani aliona.

Jumanne, 10 Machi

Meneja hajaleta barua nyingine. Geti bado limefungwa. Jumamosi tutatandika tena.

Fomu ya Mama nimeitia posta asubuhi. Ameijaza mwenyewe, herufi kubwa.

Niliporudi kutoka kazini nilitaka kubonyeza kengele, nikasita. Kuna karatasi ndogo, imebandikwa kwa selotepu. Jina la Mama, na chini yake la Baba.