Hatuondoki Barazani

Nyabuhele, Sengerema
11 Februari 2024

Mwanangu Hellen,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Mdogo wako Ng'washi hajambo kabisa. Jana kamfukuza mbuzi wa jirani kwenye mahindi na kumtukana kwa Kisukuma safi. Natumaini na wewe huko Nyakato u mzima na kazi ya kiwanda inakwenda. Barua hii nampa Mayala wa nyanya, anavuka kivuko cha Kamanga kesho na mzigo wake. Simu najua ipo, lakini kwenye simu unaniambia "baba nipo kazini" kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Kwenye karatasi hunikatizi.

Wamefunga chumba.

Wewe uliondoka kabla hakijafunguliwa, kwa hiyo nikueleze. Unakumbuka Ng'washi alivyokuwa akisoma kwenye kile kitengo cha elimu maalumu pale shule ya msingi. Alipofika miaka kumi na nane waliniita wakasema amevuka umri, mchukue. Nikamchukua. Mama yenu ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika, na mimi nilikuwa shambani kutwa. Haukupita muda akaacha kuchana nywele, akaacha kusema, akawa anakaa kwenye mkeka anajitikisa. Binti aliyekuwa anaimba!

Halafu halmashauri ikatoa chumba kile nyuma ya ofisi ya kata kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, ikamwajiri kwa mkataba Mwalimu Ajwang, mama mmoja wa Kijaluo kutoka Mara. Akawafundisha kufua, kupika uji bila kuungua, kutengeneza sabuni ya maji, kutaja jina na kijiji ili wakipotea warudishwe. Ng'washi akaanza kusema tena. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa "Toka," maana nilikuwa nimesimama mlangoni namchungulia. Nilifurahi siku nzima.

Sasa Jumatatu kaja bwana mmoja kutoka makao makuu ya halmashauri, pamoja na Mtendaji wetu wa Kata, Machibya. Wanasema mkataba wa mwalimu umekwisha na chumba kinakuwa ghala la mbolea. Mama Elias, ambaye mwanawe naye anasoma pale, akauliza, "Na hawa?" Yule bwana akasema, "Hawa ni watu wazima sasa, mama. Huduma yao imeisha."

Nikamuuliza, "Kwani ulemavu wao umeisha?"

Akafunga kufuli, akapanda gari.

Mimi sikubali. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu.

Baba yako,
Shimba


Nyakato, Mwanza
20 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Pole na goti, na mpe Ng'washi pole ya mbuzi.

Barua yako imenikosesha raha. Baba, nakuomba uache. Mtu hashindani na halmashauri. Una miaka sabini, na huyo Machibya ndiye atakayekuandikia barua ya utambulisho siku ukiwa na shida yoyote.

Nimefikiria njia. Mlete Ng'washi kwangu. Chumba changu kina dirisha la nondo na mlango wa chuma, hawezi kutoka akapotea. Asubuhi nitamwachia chakula na redio, jioni nikirudi nipo naye. Hapa wenye ndugu kama yeye wanafanya hivyo na hakuna anayewalaumu. Mtu lazima aende kazini. Angalau nitajua yuko salama, na wewe utapumzika.

Naomba ukubali.

Mwanao,
Hellen


Nyabuhele
9 Machi 2024

Mwanangu Hellen,

Salamu sana. Sisi tu wazima. Mvua imekuja vizuri, mpunga umesimama.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaiweka. Nikaisoma mara ya pili nikatoka nje kupasua kuni. Najua umeandika kwa upendo, na kwa upendo huo huo nakujibu: Ng'washi si kuku wa kufunikwa tenga. Salama unayoisema wewe, hata ng'ombe wangu sijawahi kumpa. Ng'ombe huwa namtoa nje akaona jua.

Hapa mambo yako hivi. Kufuli lao limefunga mlango. Baraza la mbele ya mlango hawakulifunga. Kwa hiyo darasa liko barazani. Kila asubuhi tunatandika mikeka pale, akina mama na mimi. Mwanaume niko peke yangu, wameshaanza kuniita Mama Ng'washi na ninaitika. Mwalimu Ajwang anakuja akitoka kuuza dagaa sokoni. Nilimwambia, "Mwalimu, mkataba wako si umeisha?" Akanijibu, "Halmashauri ndiyo iliyokuwa na mkataba. Wanafunzi ni wangu."

Juzi kaja Machibya. Kasimama uani, mikono kiunoni. "Mzee Shimba, hapa ni mali ya serikali."

"Na hawa ni wa nani?" nikamuuliza.

"Usinijibu kwa maswali, mzee wangu. Mbolea inakuja. Nitaleta mgambo."

Ng'washi alikuwa anagawa uji. Akajaza kikombe, akamfuata Machibya, akamnyooshea. Machibya akageuza uso. Mdogo wako hakushusha mkono. Unamjua. Akasimama pale, kikombe kinatoa mvuke. Mtendaji akatazama kule, akatazama huku. Mwisho akakipokea, akanywa amesimama, akarudisha kikombe na kwenda zake bila kumaliza alichokuwa anasema.

Elias, yule mtoto wa jirani yetu ambaye sasa ni mtu wa miaka thelathini, akampigia saluti.

Mgambo waje.

Baba yako,
Shimba


Nyakato
2 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui hata kama barua hii itakukuta nyumbani. Simu yako haipatikani. Mayala ameniambia sokoni, mbele ya watu, kwamba ulikamatwa ukafungiwa ofisi ya kata. Nilishtuka nikamwaga nyanya za watu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ni kweli? Wamekupiga? Ng'washi alikuwa na nani? Msimamizi wa zamu amenikatalia ruhusa, anasema kila wiki kuna mtu wa kwetu anayeuguliwa na baba.

Nilikuambia baba! Nilikuambia. Huyo mtoto anakuhitaji wewe uwe mzima kuliko anavyohitaji hicho chumba. Kama hunionei huruma mimi, mwonee yeye. Nijibu kwa yeyote anayevuka, hata kwa mstari mmoja.

Hellen


Nyabuhele
13 Aprili 2024

Ng'wanone, mwanangu Hellen,

Tulia kwanza. Mimi ni mzima, sijapigwa. Simu iliingia maji ya mvua.

Ni kweli walinifungia. Lori la mbolea lilikuja, mgambo wakasema tuondoke barazani wapitishe mifuko. Akina mama wakasogea. Mimi nikakaa kizingitini, mgongo kwenye kufuli, nikawaambia goti limekataa kunyanyuka. Wakaninyanyua wao, wakaniweka kwenye kile kistoo cha majembe cha ofisi ya kata. Ng'washi alilia sana, hilo sikufichi. Mwalimu Ajwang alimkumbatia mpaka akanyamaza, na usiku mtoto alilala kwake.

Asubuhi akina mama wakaja wote na watoto wao, wakakaa chini mbele ya ofisi. Watu wenye shida zao za mihuri wanafika, wanakuta wamejaa pale. Elias akawa anapiga saluti kwa kila mgambo, nao walikuwa wanajikuta wanaijibu. Machibya akaja kunifungulia mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, nenda nyumbani. Mimi naagizwa tu." Nikamwambia, "Basi kamwambie aliyekuagiza kwamba nimerudi barazani." Nikaenda nikakaa.

Sasa nisikilize, maana hili sijawahi kukuambia. Unadhani nang'ang'ania kwa ukaidi. Ukaidi upo, nimezaliwa nao. Lakini siku za karibuni nikilala nahesabu watu ambao Ng'washi atabaki nao nisipokuwepo, na kila nikihesabu nakukuta wewe peke yako. Sitaki. Wewe una maisha yako, utaolewa, utazaa, utahama. Sitaki nikurithishe mdogo wako kama deni. Nataka siku nikiwa kaburini, Ng'washi aamke, achane nywele, aende mahali anapofahamika jina lake, na mahali hapo pasitegemee baba wala dada. Shule ilikuwa ya mtoto. Mimi nadai ya mtu mzima, na kesho nitadai ya bibi kizee.

Tarehe kumi na nne Mei kuna kikao cha baraza la madiwani. Wananchi wanaruhusiwa kuingia. Tutakwenda wote. Sikuombi hela. Nakuomba uje ukae karibu na mdogo wako, maana kelele za watu wengi zinamtisha na mimi nitakuwa nimesimama.

Baba yako,
Shimba


Nyakato
28 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa ngazini, na nimeipitia tena leo. Kuna kitu lazima nikuandikie.

Unamkumbuka mama mwenye nyumba wangu, Mama Okeyo, yule uliyesema ni mcheshi. Wiki iliyopita nilirudi mchana, mashine kiwandani iliharibika. Saa hizo huwa sipo kamwe. Ua ulikuwa kimya, na nikasikia mtu anabisha hodi. Nikaenda getini, hakuna mtu. Nikarudi, bado anabisha. Ilikuwa chumba cha nyuma, chenye kufuli kwa nje. Siku zote hizi nilidhani ni stoo, baba. Hakupiga kelele wala kulia. Alikuwa anabisha taratibu, ananyamaza kidogo, anabisha tena, kama mgeni mwenye adabu.

Nikasema, "Nani?" Akanyamaza. Halafu akabisha.

Mama Okeyo aliporudi jioni nilimuuliza. Alikaa chini akalia. Ni mwanawe wa kwanza, Jairo, mtu mzima kuliko mimi. Anamfungia kila siku akienda sokoni, tangu shule ilipomrudisha. Akaniambia, "Mwanangu, nimpeleke wapi? Nionyeshe nimpeleke."

Na mimi nilitaka kumleta Ng'washi hapa. Nilishanunua hata redio.

Tarehe kumi na nne nitakuwa kwenye kivuko cha kwanza. Ruhusa wasiponipa, watanitafuta.

Mwanao,
Hellen


Nyakato
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, kivuko cha mwisho nilikiwahi kwa kukimbia. Inaniuma kwamba niliondoka madiwani wakiwa bado wamejifungia kuamua. Niambie haraka waliamua nini, hapa siwezi kula.

Kiwandani wamenipa barua ya onyo. Nimeisaini bila kujitetea.

Bado nakuona ulivyosimama. Mwenyekiti akasema mwananchi anaruhusiwa kusikiliza, haruhusiwi kusema, kaa chini mzee. Hukukaa. Nikahisi Ng'washi ananiponyoka mkono, naye akasimama. Akasimama Elias, akasimama mama yake, mpaka mabenchi ya nyuma yote yakawa yamesimama bila mtu kusema neno, na mwenyekiti anagonga meza kwa watu walionyamaza. Ingekuwa si diwani wetu Revocatus kuomba upewe nafasi, naamini tungekuwa tumesimama hadi leo.

Na uliyosema nimeyaandika ukutani kwangu: "Mtoto wetu akizaliwa mnampa kadi ya kliniki. Akikua mnampa darasa. Akifika miaka kumi na nane mnamwonyesha mlango wa kutokea. Huyu ataishi mpaka awe bibi. Naomba kujua, mmepanga aishi wapi?"

Nilivyorudi nilimsomea Mama Okeyo. Jumatano tulikwenda naye kwa afisa ustawi wa jamii, tukiwa na Jairo katikati yetu. Afisa akasema kwa umri wake hapa hakuna huduma. Nikavuta kiti nikakaa, nikamwambia tutasubiri. Alitutazama sana. Sasa ametuambia turudi Ijumaa, na Ijumaa tutarudi. Jairo hapendi jua, amelisahau, lakini anapenda kusukuma mkokoteni wa mama yake. Asubuhi wanaondoka wote kwenda sokoni. Majirani wanatazama. Watazame.

Mwanao,
Hellen


Nyabuhele
16 Juni 2024

Mwanangu Hellen,

Salamu nyingi sana, na kwa Mama Okeyo, na kwa Jairo, mwambie mzee wa ng'ambo anamsalimu. Sisi ni wazima. Nimechelewa kuandika kwa sababu mambo hayakwisha siku ile.

Waliamua hivi: tupewe chumba siku mbili kwa wiki, siku nyingine kibaki ghala. Machibya aliileta habari akitabasamu, akidhani nitapiga vigelegele. Nikamwambia, "Mtendaji, siku tano zilizobaki hawa watu waache kuwa watu?" Akasema ndivyo azimio lilivyopita. Nikasema vizuri. Siku mbili tukakaa ndani, na siku tatu tukakaa barazani kama kawaida, kila anayekuja kuchukua mbolea anaruka mikeka yetu na kuomba radhi. Wakulima wenyewe wakaanza kuwauliza wakubwa kwa nini mbolea imelala ndani na watu wamekaa nje. Wiki iliyopita wameihamishia kwenye jengo la ushirika. Ufunguo wa chumba anao Mwalimu Ajwang, na mkataba wake umerudi.

Nisikudanganye. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Mwakani watasema tena fedha hakuna, au watu wazima hawamo kwenye mpango. Machibya ameshanidokeza. Nimemwambia mwakani watatukuta, na nikifa watamkuta Mama Elias, ambaye ana mdomo kunizidi.

Jambo moja la mwisho. Jana asubuhi kaja mtu nisiyemjua, kutoka vijiji vya chini kule ziwani, anasukuma baiskeli. Nyuma kwenye keria amemkalisha mwanamke, amemfunga kanga kiunoni asianguke. Alikuwa amechoka, jasho linamtoka. Akanivuta pembeni, akasema, "Mzee, nimesikia kuna mahali. Huyu ni dada yangu. Ila ni mtu mzima, amepita arobaini, na hajawahi kupelekwa popote. Naona tumechelewa."

Machibya alikuwa amesimama pale pale na mafaili yake. Akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Hamjachelewa," nikasema. "Mshushe mgeni wetu."

Tukamfungua ile kanga. Ng'washi akatoka ndani, mikono imejaa povu la sabuni, akaifuta kwenye sketi, akamshika yule dada mkono na kumuuliza, "Unaitwa nani?" Yule dada akatazama chini. Ng'washi akasubiri kidogo.

"Basi kesho," akamwambia, akaingia naye ndani.

Baba yako,
Shimba